Kundi la Darasa Halina Mwenyewe

Mwanafunzi wa chuo anayepanga chumba Mbuya, jijini Kampala, akitaka kujua kama kesho kuna jaribio, hapandi boda kwenda kusoma ubao wa matangazo, wala hafungui tovuti ya chuo. Anafungua WhatsApp. Huko atakuta kuwa mhadhara wa saa mbili asubuhi umesogezwa hadi saa kumi jioni na ukumbi umebadilika. Atakuta pia kuna mtu aliyekwisha kupiga picha kitini kizima, ukurasa kwa ukurasa, kidole gumba kikionekana pembeni.

Upo mjadala wa siku nyingi kama mitandao ya kijamii inawaharibia vijana masomo. Tutaugusa, ila kwa haraka, maana umetafunwa hadi hauna ladha. Linalonishughulisha mimi ni jingine. Shughuli za darasa zimehamia kwenye simu za wanafunzi, kwa bando la wanafunzi, chini ya usimamizi wa mwanafunzi mwenzao asiyelipwa, na chuo kinautegemea mpango huo kila siku. Mambo yakiharibika, hakuna anayejulikana kuwa ndiye wa kuulizwa.

Mbuya ni mahali pazuri pa kulitazamia suala hili, ingawa kilima chenyewe kinajulikana kwa mambo mengine: kambi ya jeshi, hospitali ya kijeshi, na kanisa Katoliki la Mama Yetu wa Afrika. Juu kuna nyumba za mageti makubwa. Chini, upande wa Kinawataka, ndiko kwenye mizigo, vile vyumba vimoja vimoja ambavyo wanafunzi wawili hugawana kodi. Vyuo vimekizunguka kilima. Bondeni ni Nakawa, penye Chuo cha Biashara cha Makerere, yaani MUBS, na taasisi ya teknolojia ya habari na mawasiliano, UICT, kwenye barabara ya Port Bell. Ukivuka barabara ya Jinja unaingia Banda na Kyambogo, penye Chuo Kikuu cha Kyambogo na ofisi za Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Bugolobi, jirani kabisa, ndipo yalipo makao ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, ambayo amri za kufunga mitandao hupitia kwake. Mwanafunzi, mhadhiri, mkaguzi wa vyuo na mwenye swichi ni watu wa mtaa mmoja.

Umati ulitangulia simu. Mwaka 1992 Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia ada, na katika miaka iliyofuata madarasa yalifurika, programu za jioni zikaongezeka, na walimu wakawa wachache kwa kila kichwa. Mahmood Mamdani aliichambua safari hiyo katika kitabu chake Scholars in the Marketplace cha mwaka 2007, akionyesha jinsi soko lilivyoingia chuoni na kukibadilisha kutoka ndani. MUBS yenyewe ilizaliwa katika miaka hiyo hiyo, 1997, Kitivo cha Biashara cha Makerere kilipounganishwa na chuo cha taifa cha biashara kilichokuwapo Nakawa. Watu mia tatu katika ukumbi mmoja hawawezi kujuana majina, sembuse kupashana habari. Anayesoma jioni, ambaye mchana yuko kaunta ya duka au ofisini, hana nafasi ya kupita koridoni kuona kilichobandikwa. Watu hawa walihitaji namna ya kuzungumza muda mrefu kabla WhatsApp haijafika mifukoni mwao.

Kisha ikaja korona. Tarehe 20 Machi 2020 shule na vyuo vya Uganda vilifungwa. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliruhusiwa kurudi Oktoba mwaka huo, na Juni 2021 milango ikafungwa tena. Baraza la Elimu ya Juu lilitoa mwongozo wa dharura wa kufundisha kwa mbali. Majukwaa ya chuo hayakukosekana: Makerere ilikuwa na MUELE, lililojengwa juu ya programu ya Moodle, na vyuo vingine vilikuwa na ya kwao. Mtandao wa utafiti na elimu nchini, RENU, ulifikia makubaliano na MTN na Airtel ili wanafunzi waingie kwenye majukwaa hayo bila kukatwa bando. Kwa hesabu hiyo, mwanafunzi angekimbilia jukwaa la bure na kuuacha mtandao wa kulipia.

Hakukimbilia. Kuna waliosema ni uvivu wa vijana kupenda umbea, lakini sababu za msingi ni za kimatumizi tu. Jukwaa la chuo linakungoja uje. Ujumbe wa WhatsApp unakufuata ulipo. Jukwaa linataka nywila, na nywila ikisahaulika unataka mtu wa kuirudisha, na mtu huyo ana foleni. Limeundwa likitazamia kompyuta, wakati wengi wana simu yenye kioo kilichopasuka na nafasi ya kuhifadhi iliyokwisha. Vifurushi vya mitandao ya kijamii peke yake vilikuwa vikiuzwa kwa bei ya chini kuliko bando la kawaida, kwa hiyo hata ule ubure wa jukwaa haukuonekana faida kubwa hivyo. Na liko jambo ambalo wahandisi wa mifumo hulisahau: kwenye jukwaa la chuo huwezi kuuliza swali la kijinga bila jina lako kubaki pale mbele ya mhadhiri.

Hapo ndipo tunafika kwenye jambo ambalo watu wa nje hawalijui vizuri. Darasa moja huwa na makundi mawili. La kwanza lina mhadhiri ndani. Lugha yake ni Kiingereza cha barua ya kuomba kazi, ujumbe ni mfupi, na asilimia kubwa ya majibu ni “Noted, Sir” yaliyopangwa foleni. La pili halina mhadhiri. Humo Kiganda kinachanganyika na Kiingereza, na Kiswahili kinaingia kupitia waliokulia kambi za jeshi, Wakongo, na Wakenya waliokuja kusoma Kampala. Mtu akiuliza kwenye kundi la kwanza, “Tunawasilisha lini?”, anajibiwa tarehe. Akiuliza kwenye la pili, anajibiwa tarehe, anachekwa kwa kuwa hakuwapo darasani, anatumiwa stika ya mzee anayetikisa kichwa, na baada ya dakika mbili anatumiwa faili.

Ukitaka kujua masomo yanafanyikia wapi, nenda kwenye la pili. Usiku wa kuamkia jaribio la uhasibu, mtu anapiga picha swali alilokwama, wino umevuja, mizania ya hesabu haikubali kulingana. Wa kwanza anajibu kwa kubahatisha. Wa pili anamsahihisha. Wa tatu, yule aliyewahi kushika daftari za mauzo kwenye duka la shangazi yake, anatuma ujumbe wa sauti akieleza kwa Kiganda kwa nini uchakavu wa gari unaandikwa upande ule na si huu. Sauti ya jogoo na ya televisheni ya jirani zimo humo humo. Ujumbe una dakika saba, na wenye bando dogo wanalalamika: andika bwana, usitumalizie megabaiti. Mwingine anauandika kwa muhtasari wa mistari minne. Mistari ile minne, iliyochujwa na watu wanne, mara nyingi inaeleweka kuliko ukurasa wa kitini. Sijui mhadhiri yeyote anayeweza kulifanya hilo saa tano usiku kwa watu mia tatu, na si haki kumtaka alifanye.

Humo humo pia majibu ya kazi ya mtu mmoja yanazunguka hadi kuwa kazi ya watu arobaini, na makosa yake yanazunguka nayo. Tangu programu za akili bandia zisambae, baada ya ChatGPT kutoka Novemba 2022, kuna jibu la aina nyingine kundini: refu, safi, lenye vichwa vidogo, na lisilojua mhadhiri alisema nini Jumanne. Wanafunzi hulitambua upesi. Kulitumia hulitumia vilevile, hasa saa zikiwa zimebaki chache.

Anayeyashikilia makundi yote mawili ni mratibu wa darasa. Kwa kawaida huchaguliwa wiki za kwanza za mwaka wa kwanza, mara nyingi kwa sababu alikaa mbele na ana simu nzuri. Kuanzia hapo, yeye ndiye ofisi. Mhadhiri anampigia yeye kusema hatafika. Idara inamtumia yeye orodha. Wenzake wanamuuliza yeye kwa faragha kitu alichokwisha kukiandika kundini mara tatu. Anaunganisha namba mpya, anawaondoa waliohamia kozi nyingine, anafuta matangazo ya biashara ya kubashiri mpira, anasuluhisha ugomvi wa siasa, na kila uchaguzi unapokaribia anafunga kundi wabaki wasimamizi tu wanaoweza kuandika. Wale wa kambini humwita afande kwa mzaha, na mzaha una ukweli wake: ana amri, ana wajibu, ila hana mshahara. Bando analinunua mwenyewe. Akiugua wiki moja, darasa zima linapoteza ratiba.

Nguvu hiyo ina upande wake mbaya pia. Mratibu anaweza kuchelewesha habari kwa asiyempenda, au akamwondoa kundini aliyekosana naye, na kumwondoa mtu kwenye kundi la darasa ni sawa na kumfungia mlango wa ukumbi. Hakuna kamati ya nidhamu inayosikiliza shauri la aina hiyo. Kwa macho ya chuo kundi ni mambo binafsi ya wanafunzi. Ila mwanafunzi akikosa jaribio kwa sababu bando liliisha Jumapili, huambiwa: tangazo lilitolewa kundini, wewe ulikuwa wapi? Kauli hizi mbili haziwezi kuwa kweli kwa pamoja. Kama kundi ni jambo binafsi, basi tangazo lililotolewa humo si tangazo la chuo. Kama tangazo lile ni halali, basi kundi ni sehemu ya chuo, na chuo kiwajibike kwa yanayotokea humo.

Na yanayotokea humo si madogo. Ukiunganishwa kundini, namba yako ya simu inaonekana kwa kila mmoja wao, watu mia mbili au mia tatu usiowajua, pamoja na mhadhiri. Kwa mwanafunzi wa kike hilo lina uzito wake. Mwaka 2018 Makerere iliunda kamati ya kuchunguza unyanyasaji wa kingono chuoni, ikiongozwa na Profesa Sylvia Tamale, baada ya malalamiko kuzidi. Unyanyasaji haukuletwa na simu. Ulikuwapo enzi za karatasi. Lakini zamani mtu alihitaji kisingizio cha kumwita mwanafunzi ofisini. Sasa namba ameshapewa, na salamu ya saa nne usiku inaweza kuanza kwa neno “coursework”. Wapo wanafunzi wa kike wanaonunua laini ya pili kwa ajili ya makundi ya darasa tu. Hiyo ni gharama ya masomo ambayo haimo kwenye karatasi yoyote ya ada.

Kuna na matokeo. Mhadhiri anamaliza kusahihisha, anaipiga picha karatasi ya alama au anatuma jedwali zima kwa mratibu, na baada ya nusu dakika darasa zima linajua nani amepata 34. Namba ya usajili badala ya jina haimfichi mtu ambaye wenzake wameshika namba yake kwa kuandika kazi za kikundi pamoja. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu 2019, na alama za mtu ni taarifa zake binafsi bila ubishi. Mhadhiri hakukusudia ubaya. Alitaka kupunguza foleni mlangoni kwake. Ndivyo ilivyo kwa sehemu kubwa ya haya: kila mtu anafanya lililo rahisi, na wepesi wa mmoja unalipwa na mwingine.

Malipo yenyewe yana historia yake. Tarehe 1 Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetaka kufungua WhatsApp, Facebook, Twitter na wenzao. Kwa semesta ya wiki 17 hiyo ni shilingi 23,800, kabla ya kununua hata megabaiti moja. Rais Museveni alikuwa amelalamikia umbea wa mitandaoni, na kodi ikabandikwa jina hilo la Kiganda midomoni mwa watu: kodi ya lugambo, yaani ya umbea. Aliyekuwa akipokea ratiba ya jaribio alilipa sawa na aliyekuwa akisambaza uvumi. Wengi walikwepa kwa VPN, ambayo nayo inakula bando. Mwaka wa kwanza wa fedha serikali ilitegemea kukusanya shilingi bilioni 284 ikapata kama bilioni 49.5. Julai 2021 kodi ile ilifutwa, ikaja asilimia 12 kwenye data, na sheria ikasamehe data inayotumika kwa huduma za afya na elimu.

Msamaha huo unasomeka vizuri. Utekelezaji wake ndio mtihani. WhatsApp imefunga jumbe zake kwa msimbo tangu 2016, hata kampuni ya simu haioni kilichomo. Itajuaje kwamba hizi kilobaiti ni somo la uchakavu wa gari na zile ni video ya harusi? Haiwezi. Jukwaa la chuo linaweza kutambuliwa na kusamehewa kodi. Kundi la darasa, ambamo masomo yenyewe yamo, haliwezi. Msamaha umewekwa mahali wanafunzi wasipokuwapo.

Juu ya kodi kuna swichi. Siku ya uchaguzi, 18 Februari 2016, mitandao ya kijamii ilifungwa. Tarehe 12 Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi, ilifungwa tena. Jioni ya tarehe 13 intaneti yote ikazimwa, ikarudi tarehe 18. Facebook haikufunguliwa pamoja na nyingine, na makundi ya masomo yaliyokuwa huko yakabaki nyuma ya ukuta wa VPN, pamoja na vitini na mitihani ya zamani iliyokuwa imehifadhiwa humo kwa miaka. Hili ndilo ninalowakumbusha wanaosema WhatsApp inatosha, jukwaa la chuo la nini. Darasa lililojengwa juu ya programu moja lina wakubwa wawili ambao halikuwachagua: kampuni iliyoko California na amri inayoshuka kupitia Bugolobi.

Sasa lile swali la kama mitandao inawaharibia vijana masomo. Simu inakatiza fikra, hilo halihitaji mtafiti. Lakini matokeo ya utafiti hutegemea sana mtandao ulitumiwaje. Mwaka 2011 Reynol Junco na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Marekani kwa wanafunzi 125 wa mwaka wa kwanza: waliotumia Twitter kama sehemu ya somo walijihusisha zaidi na masomo na wakapata alama bora kuliko wenzao wasioitumia. Watu hunukuu sehemu hiyo wakaacha inayofuata. Walimu walikuwamo na walishiriki, na kazi za humo zilikuwa zimepangwa. Kundi la Nakawa halikupangwa na mtu, liliota lenyewe. Kulilinganisha na lile la utafiti ni kuwabebesha wanafunzi mzigo wa mhadhiri.

Nifanye nini na haya yote? Sipendekezi chuo kiyatwae makundi. Kikiliingia lile la pili, kesho yake litazaliwa la tatu, na watu wataacha kuuliza maswali ya kijinga, ambayo ndiyo yanayofundisha. Ninachotaka ni kidogo na kina mipaka. Tangazo lolote lenye madhara kwa alama ya mwanafunzi, yaani tarehe ya jaribio, kubadilika kwa ukumbi au siku ya mwisho ya kuwasilisha, litoke kwanza mahali pa chuo penyewe, na lipelekwe pia kwa ujumbe mfupi wa kawaida, ambao haudai bando wala simu janja. Kundi libaki la kukumbushana. Aliyekosa WhatsApp asihukumiwe kwa kukosa WhatsApp. Alama zisipite kundini hata kidogo. Na mratibu apewe bando la semesta. Kwa bajeti ya idara ni pesa ndogo, na ukishamlipa mtu unaweza pia kumwekea masharti, likiwamo la kutomwondoa mwenzake bila sababu iliyoandikwa.

Mtu atasema ujumbe mfupi ni wa kizamani. Ni kweli, na ndiyo sifa yake: hauwalazimishi wanafunzi wote kuwa kwenye programu moja, wala hauanikii watu wengine namba ya yeyote. Benki zinautumia kila siku bila kuona haya. Wi-Fi ya chuo nayo isiishie kwenye ukuta wa chuo. RENU imekwisha kuonyesha njia kwa kupeleka Wi-Fi ya vyuo iitwayo eduroam nje ya kampasi katika maeneo ya Kampala, na mabonde yenye hosteli yanastahili huduma hiyo kuliko kumbi za mikutano.

Miaka mitatu ya masomo ikiisha, mhadhiri hujiondoa kundini au huondolewa, na akaunti ya jukwaa la chuo inakosa kazi. Kundi la pili halifungwi. Jina lake linabadilishwa, picha ya mahafali inawekwa, na mratibu yule yule anageuka mtunza hazina: Jumatatu anakusanya mchango wa harusi kwa pesa za simu, Alhamisi anatangaza msiba wa baba wa mmoja wao na basi la kwenda mazishini. Anaandika orodha ya waliochanga na waliobaki, kama alivyokuwa akiandika ya kazi za kikundi, na wale wale waliokuwa wakichelewa kuwasilisha bado wako mkiani.